Mapanga Yaliyofungwa kwa Hiari

Ilikuwapo nchi, na bado ipo, maana ingekuwa imetoweka tungetangaziwa redioni. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha! Ni kwamba jina la nchi hiyo hutajwa kwa kibali, na ofisi ya kutoa vibali imefungwa kwa sababu umeme umekatika.

Umeme wenyewe ulikuwa mzuri sana siku ulipokuwapo. Ulitoka mji mkuu, ukapita juu ya nguzo, ukavuka mabonde, mpaka chini ya mlima wa Kinyangora, ukaishia mtoni. Nguzo ya mwisho ilizinduliwa kwa utepe na bendi ya polisi. Mgeni rasmi akautazama mlima, akawaomba wananchi wa huko juu wawe na subira, akala mbuzi wao, akaondoka.

Watu wa Kinyangora walisubiri mpaka wakachoka, ndipo wakafanya kosa. Walilima viazi, wakauza, wakachanga, wakajinunulia mtambo wa upepo. Waliupandisha vipande vipande, vichwani na mabegani, wakausimamisha ukingoni mwa mlima, mahali ambapo upepo haujui kupumzika. Mapanga yake yalikuwa marefu na meupe, na wenyewe wakauita Pangaboi. Kwa Pangaboi walisaga mahindi, wakanyoa nywele, wakahifadhi chanjo za watoto pale zahanati, na Kyusa akapumua.

Kyusa alikuwa mume wa Atuganile, muuza maandazi. Ujanani alivunja mawe kwenye machimbo ya serikali, mawe yaliyojenga wizara zote unazoziona kule mji mkuu. Mawe yalikwenda, vumbi likabaki kifuani mwake. Uzeeni hospitali ya misheni ikampa mashine ya oksijeni, kubwa kama begi la safari, yenye mrija wa kupitisha puani. Ikiwaka, Kyusa alitania watu, akagombana juu ya bao, akalalamikia chumvi. Ikizimika, midomo yake iligeuka rangi ya zambarau, na Atuganile akashika ungo kumpepea, huku anajua wazi kwamba ungo haumsaidii kitu.

"Wee Atu," Kyusa alikuwa akimwambia, "hapo unapepeta mchele au mume?"

"Napepeta pumba," Atuganile anajibu, na mkono hausimami.

Sasa, watu hawa walikuwa na desturi yao. Mtu akifariki Kinyangora, mapanga ya Pangaboi husimamishwa na kufungwa kwa nguo ya marehemu mpaka maiti azikwe, ili mngurumo usizidi kilio. Ng'ambo ya bonde, watu wa Isange wakiona mapanga yamesimama hawasubiri kuitwa. Wanapanda na unga, kuni na majembe. Njiani hawaulizi. Wakifika ndipo wanapouliza, "Nani katutoka?" Wakishaambiwa jina wanakaa chini, na hawaondoki mpaka udongo uwekwe. Tena msibani mgeni habishiwi. Aseme lolote, la busara au la kipuuzi, wenyeji hujibu kwa pamoja, "Tumepokea." Ubishi wote hungoja baada ya maziko. Na siku za msiba Kyusa alipumua kwa umeme uliohifadhiwa kwenye betri, hivyo hakuna aliyepata shida.

*

Bwana Desderi alifika Kinyangora siku ya msiba wa bibi mmoja aliyekufa kwa uzee, usingizini, hana deni na mtu. Alikuwa kijana mstaarabu, amevaa tai, na upepo wa kule juu ulimtupia tai hiyo begani kila alipotaka kuonekana wa maana. Shingoni alining'iniza ufunguo mkubwa. Alikuwa Afisa Msawazishaji wa Mamlaka ya Taifa ya Kusawazisha Umeme Usio na Nguzo.

Mamlaka hiyo iliundwa kwa sababu ya huruma. Mlezi wa Taifa aliruka kwa ndege siku moja wakati mji mkuu umezama gizani, akachungulia dirishani, akaona kule mbali mlimani kunawaka taa. Inasemekana alilia. Akauliza ni haki gani hiyo, mama wa mji mkuu apapase kiberiti na mama wa mlimani abonyeze ukuta. Kufikia wiki iliyofuata sheria ilikuwa tayari: mji mkuu ukiwa gizani, hakuna raia wa nchi hiyo atakayeruhusiwa kuwa na mwanga zaidi ya mwenzake. Kauli mbiu ikawa Giza Moja, Taifa Moja. Watoto wa shule waliiimba vizuri sana.

Basi Bwana Desderi akasimama mbele ya waombolezaji, akaisoma sheria yote, pamoja na vifungu vidogo. Alipomaliza akauliza, "Ndugu wananchi, mmekubali?"

Marehemu alikuwa bado ndani. Mgeni habishiwi. "Tumepokea," wakajibu kwa pamoja, na Atuganile akiwamo, tena kwa sauti ya juu, maana alikuwa anageuza ugali na hakusikia vizuri.

Bwana Desderi akainua macho, akaona mapanga yamefungwa kwa kanga. Siku hiyo mji mkuu wote ulikuwa giza. Machozi yakamlengalenga kijana wa watu. Akatoa simu, akapiga makao makuu. "Mheshimiwa, sikuhitaji hata kufungua mkoba. Nimekuta wamefunga wenyewe. Kwa hiari!"

Jioni redio ikatangaza kwamba Kinyangora ni Kijiji cha Mfano. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenyekiti wa kijiji, Angolwisye, alisema baada ya maziko atakwenda kusahihisha. Baada ya maziko akaletewa fulana yenye picha ya Mlezi na kofia ya kufanana nayo, akaona kusahihisha kunaweza kungoja kidogo.

"Kwani sifa inauma?" akamuuliza Atuganile.

"Haiumi," Atuganile akasema. "Labda uikalie."

*

Haikuchukua muda, sifa ikaanza kuuma. Bwana Desderi alihamia kwenye ghala la zamani la ushirika, akatundika picha ya Mlezi, akafunga mnyororo kwenye shina la Pangaboi. Kila mji mkuu ulipozima umeme, simu yake ililia, naye alivuta breki, akafunga kufuli, akasimama pembeni mikono nyuma. Na mji mkuu, jamani, ulijua kuzima! Ulizima mvua ikinyesha, ukazima jua likiwaka, ukazima siku ya fainali ya mpira.

Kila mapanga yaliposimama, watu wa Isange walipanda. Mbele yao alikuwa Mama Tusekile, mwanamke mrefu mwenye jembe begani, ambaye hakukosa msiba hata mmoja tangu aolewe.

"Nani katutoka?"

"Hakuna aliyekufa, Mama Tusekile. Ni serikali tu."

"Serikali imekufa?"

"Hapana! Imezima."

Mara ya kwanza walicheka pamoja. Lakini unga uliopandishwa msibani haurudishwi nyumbani, ni mkosi, kwa hiyo Kinyangora wakabaki na unga mpaka wakakosa pa kuuweka. Mara ya pili walicheka kidogo. Baadaye kicheko kikaisha kabisa. Watu wa Isange walipanda mlima kimya, wakauliza, wakaambiwa hakuna, wakateremka kimya, na siku ya pili wakapanda tena. Kutokwenda hawakuweza. Nani angethubutu kukaa nyumbani siku ambayo ni kweli?

"Siku yangu ikifika," Kyusa alisema, mrija puani, "watakuja wamechoka. Hata kulia hawatalia vizuri."

"Nyamaza," Atuganile akasema. Hakutaka utani huo. Siku hizo alikuwa ameanza kuamka na kusikiliza kwanza kama mashine inanguruma, kabla hata ya kufungua macho. Lakini betri zilikuwapo. Alijifariji kwa betri kama mtu anavyojifariji kwa ghala lenye mahindi.

Ndipo Waziri wa Nishati, Hewa na Mwenendo wa Upepo alipohutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "tumegundua kuna watu wanaoficha umeme! Wanauweka ndani ya masanduku, wanaufungia, wanasubiri wenzao wakose ndipo wautoe. Ninyi mnawaitaje watu wanaoficha sukari? Mnawaitaje wanaoficha mafuta ya taa? Kuanzia leo, umeme wa upepo utumike ukiwa mbichi! Upepo wa leo ni wa leo. Wa kesho tumwachie Mungu na wizara."

Bwana Desderi alizibeba betri moja moja kwa mikono yake, kwa upole kabisa, akawa anawaomba radhi aliowapiga kikumbo mlangoni. Akazipanga ghalani chini ya picha ya Mlezi na kubandika lakiri.

*

Atuganile alimfuata huko huko, na unga wa maandazi mikononi.

"Shikamoo, mama," kijana akasimama. Malezi alikuwa nayo, hilo hatumnyimi.

"Marahaba, baba. Nimefuata betri moja. Mume wangu anapumua kwa hiyo."

"Mama, mimi sina ubaya na mzee. Na sheria nayo haina ubaya. Wagonjwa wamefikiriwa." Akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole. "Kifungu hiki hapa. Msamaha utatolewa kwa mgonjwa yeyote, pale itakapothibitika kwamba kukosa umeme kumesababisha kifo."

"Kifo cha nani?"

Bwana Desderi akasoma tena, midomo inacheza. "Cha mwombaji, mama."

Atuganile alimtazama usoni, akitafuta mahali pa kucheka, asipaone. "Yaani afe kwanza, halafu ndiyo aruhusiwe kupumua?"

"Halafu ndiyo aombe," kijana akasahihisha, taratibu. "Kuruhusiwa kunategemea kamati."

"Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Anapumua?"

Bwana Desderi akashika ufunguo shingoni, akautazama ukuta. "Anakaa mji mkuu," akasema. "Hana umeme. Juzi alianguka kwenye ngazi gizani, akavunjika nyonga. Ninapofunga mapanga haya, mama, huwa namfikiria yeye. Angalau hayuko peke yake."

Hapo ndipo Atuganile alipoogopa hasa. Mpaka dakika hiyo alidhani kijana anafanya kazi tu. Kumbe alikuwa anaamini.

Alipofika nyumbani akamkuta Kyusa amekaa kitandani, mashine inawaka, kopo la kete za bao mapajani. Kyusa akamtazama mikono yenye unga, akasema, "Umenyimwa." Tangu siku hiyo, Pangaboi liliposimama, Atuganile alimkalisha mumewe karibu na dirisha, akampepea kwa ungo, akahesabu pumzi zake moyoni. Mara umeme ulirudi upesi. Mara ulichelewa, na Kyusa akarudi kutoka mbali sana, macho yamemtoka, hamjui mkewe.

*

Ikatangazwa Siku ya Usawa. Mji mkuu haukuharibikiwa siku hiyo. Ulizimwa kwa heshima, asubuhi kweupe, na wizara yote ikahamia Kinyangora kuzindua ujenzi wa Mnara wa Giza.

Waziri alikuja na msafara, vumbi likapanda mlima kabla yake. Mapanga yalikuwa yamefungwa tangu alfajiri, safari hii kwa bendera kubwa ya taifa. Upepo wa siku hiyo, loo! Ulikuwa ule wa kung'oa mabati. Ulivuma juu ya mapanga yale yaliyosimama, ukatoa mlio mmoja mrefu ambao haukupendwa hata na mbwa.

Ng'ambo ya bonde watu wa Isange waliona. Wakapanda na unga, kuni na majembe. Wakakuta viti, vipaza sauti na askari. Hawakushangaa. Wakakaa chini, kimya, kama inavyopaswa.

"Umati mkubwa!" Waziri akamnong'oneza Bwana Desderi. "Na nidhamu! Kwingine wanapiga vigelegele ovyo."

Mama Tusekile hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya Atuganile, akainama mlangoni. Ndani Kyusa alikuwa amelala juu ya mito iliyorundikwa, midomo ya zambarau, kifua kinapanda na kushuka kwa taabu. Mashine ilikuwa kimya. Atuganile alikuwa anapepea, mkono umevimba.

"Nani katutoka?" Mama Tusekile akauliza kwa sauti ya chini.

Atuganile hakugeuka. "Bado," akasema.

Mama Tusekile akatoka, akapita mbele ya jukwaa bila kuinamisha kichwa, akafika kwa watu wake. Hawakuulizana. Wenye majembe wakanyanyuka, wakaenda hatua chache kando ya Pangaboi, wakaanza kuchimba.

"Wanafanya nini wale?" Waziri akauliza.

Mwenyekiti Angolwisye, jasho linamtiririka chini ya kofia ya Mlezi, akajibu, "Msingi, mheshimiwa. Wa mnara."

Waziri akafurahi kupita kiasi. Akaacha hotuba katikati, akashuka, akaomba koleo, akatupa udongo wa kwanza huku kamera zinamulika. "Ninaweka msingi huu," alitangaza, "kwa niaba ya Mlezi wa Taifa, na ninaahidi hautabaki wazi!" Kisha akawauliza wananchi kama wamepokea.

"Tumepokea," watu wa Isange wakajibu kwa pamoja, macho chini.

Kyusa alisikia makofi. "Nani anaoa?" aliuliza kwa shida.

"Lala, mume wangu," Atuganile akasema. Machozi yalimdondokea juu ya ungo, akayaacha.

*

Msafara ulipoondoka, Bwana Desderi alilisogelea shimo, akainama akatazama. Lilikuwa limechimbwa vizuri, kingo zimenyooka.

"Mbona msingi wenyewe mwembamba hivi?"

"Ni wa mtu mmoja," Mama Tusekile akasema.

Rangi ikamtoka kijana. Akageuka, akamwona Atuganile amesimama nyuma yake, ungo mkononi.

"Ufunguo, baba."

"Mama, simu haijalia. Nikifungua bila amri, nafungwa mimi."

"Shimo limechimbwa. Kwetu shimo halilali wazi."

"Lakini mzee bado anapumua!"

"Ndiyo," Atuganile akasema. "Na wewe pia."

Hakuna aliyeinua jembe. Hakuna aliyemsogelea. Watu wa Isange walikuwa wamekaa tu, kama waliokwisha kukubali kukaa hapo mpaka mwisho. Bwana Desderi akatoa simu. Ilikuwa imezimika, maana yeye naye aliichaji kwa Pangaboi. Akauendea ule mti wa chuma akikimbia, akafungua kufuli, mnyororo ukaanguka. Mapanga hayakusogea. Yalikuwa bado na bendera.

Na bendera ya nchi hiyo, msomaji wangu, haifunguliwi kama kitambaa cha meza. Anayeishusha husimama wima na kuimba wimbo wa taifa mpaka mwisho, na wimbo huo una beti nyingi, maana kila ndugu wa Mlezi ametungiwa wake.

"Kata!" Atuganile akapiga kelele. "Kata hilo litambaa!"

"Ni miaka ya jela, mama!" kijana akalia. Alikuwa analia kweli. Akasimama wima, akaanza kuimba, mbio mbio, anameza maneno. Alimwimba Mlezi, akamwimba mama wa Mlezi, akawaimba wajomba. Watu wa Isange wakasimama, kwa kuwa mgeni akisimama msibani wenyeji na wenzake husimama. Atuganile hakusubiri ubeti wa shangazi. Alikimbilia nyumbani.

Bendera ikafunguliwa, ikakunjwa pembe kwa pembe. Mapanga yakapiga mzunguko, yakashika kasi. Kijijini taa zikawaka mchana ule ule, kinu kikanguruma, na ndani kwa Atuganile mashine ya oksijeni ikalia mlio wake wa kuwaka, ikaanza kusukuma hewa kwenye mrija, kwenye pua ya Kyusa, ambaye hakuwa na haja nayo tena.

Atuganile alikaa naye kidogo. Akamfunga kidevu. Kisha akatwaa koti la Kyusa kwenye msumari, lile la machimboni, akatoka nalo.

Bwana Desderi alimwona anakuja, akafikiri anakuja kushukuru. Atuganile alimpita. Akavuta breki kwa mikono yake mwenyewe, mapanga yakapunguza mwendo, yakasimama, na Mama Tusekile akamsaidia kuyafunga kwa koti. Kilio kikapanda Kinyangora, na upepo ukakichukua mpaka ng'ambo.

Simu ya Bwana Desderi, ambayo alikimbia kuichomeka ukutani ghalani mara mapanga yalipozunguka, ilikuwa imepata chaji kidogo. Ikalia. Akaikimbilia, akarudi nayo uwanjani sikioni.

"Hapana, mheshimiwa. Hayazunguki. Yamefungwa." Akaongeza, "Wamefunga wenyewe."

Akasikiliza. Akamtazama Atuganile, akautazama mlango wa nyumba yenye maiti, akaangusha macho. 

"Ndiyo, mheshimiwa. Kwa hiari."

Akashusha simu, akarekebisha tai. "Ndugu wananchi," akasema, "makao makuu wanawapongeza."

Maiti alikuwa bado ndani, na mgeni habishiwi. Bwana Desderi akangoja lile jibu lao. Wazee walikuwapo, akina mama walikuwapo, Mwenyekiti Angolwisye alikuwapo, kofia ameivua. Hakuna aliyesema, "Tumepokea."

Mama Tusekile akalitazama shimo, kisha akamtazama kijana, juu mpaka chini, polepole, kama fundi anayechukua vipimo vya suruali.

"Ongezeni upana," akasema.

Majembe yakaanza tena.